Saa inakimbia, fumbo linangoja



Juma lililopita tuliongea juu ya homa ya watoto wadogo wakati wa mvua. Leo tunarudi kwa watoto wakubwa: wale walio na diploma ya taifa mkononi, ao wanaoingoja, na wanaotaka kuingia iniversite. Tunajua kwamba nyumba nyingi za wanachama wetu ziko na mtoto wa namna hiyo mwaka huu.

Tuanze na jambo linalotupatia haya.

Mwaka jana kikundi chetu kilitoa feza katika kasa ya mshikamano ili kulipia binti wa mwenzetu mmoja aende kufanya testi ya kuingia. Mtoto huyo ni wa bidii. Mtihani wa taifa aliushinda vizuri. Lakini kupita mtihani wa taifa si mwisho wa safari siku hizi: fakilte zingine zinaongeza testi yao wenyewe, na ndani yake mnakuwa hesabu, Kifaransa, na sehemu moja ya mafumbo ya kufikiri yenye kupimwa kwa saa. Mtoto alitoka katika chumba akilia. Sehemu ya mafumbo, karibu nusu ya maswali yalibaki meupe. Hakuyakosa, hakuyafikia. Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwamo.

Na sisi tulisema nini? Tulisema, "Feza yetu imepotea." Mmoja akaongeza, "Pengine akili yake haikuwa ya iniversite." Mama yake alisikia. Majuma mawili hakuja mkutanoni.

Ni mwenzetu mmoja, mwalimu aliyefundisha hesabu miaka mingi, aliyefanya kile ambacho sisi wote tungalifanya kwanza. Alimwita mtoto, akampa mafumbo matano ya namna ileile, akamwambia, "Mama yangu, fanya polepole, hakuna saa." Mtoto alifanya yote matano, akakosa swali moja tu. Kesho yake akampa mengine matano, sasa na saa mezani. Alifikia la pili, mikono inatetemeka. Mwalimu akatuambia mbele ya kikundi: "Huyu mtoto hakosi akili. Anakosa mwendo. Na mwendo unafundishwa."

Tangu siku ile tumejifunza pamoja naye, kila siku ya posho mangaribi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mafumbo hayo tunayajua

Wamama wengi wanasema, "Mimi sikusoma sana, nitamsaidia mtoto namna gani?" Wamama, nani kati yetu hajapanga zamu za likelemba? Huyu anaomba apokee mbele ya masomo kuanza. Yule hawezi kuwa wa kwanza kwa maana ni mgeni. Wawili ni mtu na shemeji yake na wanataka wafuatane. Mama prezidanti anakaa na biki yake, anapanga, anafuta, anapanga tena mpaka kila mmoja anaenea. Hilo ndilo fumbo lenyewe. Katika testi wanabadilisha majina tu: badala ya likelemba wanaandika wanafunzi sita wanaoongea mmoja kisha mwingine, ao mabasi sita yanayoondoka.

Tuchukue mfano. Wamama sita wanapokea likelemba, mmoja kila mwezi: mama wa makala, mama wa sambaza, mama wa vitenge, mama wa unga, mama wa ndizi na mama wa kahawa. Masharti ni haya:

Moja: mama wa makala anapokea mbele ya mama wa vitenge.
Mbili: mama wa sambaza anapokea mara tu nyuma ya mama wa unga.
Tatu: mama wa kahawa ni wa tatu.
Ine: mama wa ndizi si wa kwanza wala wa mwisho.

Swali: kati yao, nani anaweza kuwa wa mwisho?

Bila masharti, watu sita wanaweza kupangwa kwa namna 720. Binti yetu, wakati wa testi yake, alikuwa anachukua kila jibu na kulijaribu kichwani, kisha anasahau, anarudi kusoma masharti upya. Alisoma masharti yaleyale mara sita, mara saba. Dakika zake zilimalizikia hapo.

Kwanza chora, kisha jibu

Fundisho la kwanza la mwalimu lilikuwa hili: usiguse maswali mbele ya kuchora. Inaonekana kama ni kupoteza wakati, lakini mchoro mmoja unajibu maswali yote matano ya fumbo hilo.

Chora mistari sita midogo, moja mpaka sita. Kila mtu mpe herufi moja: M, S, V, U, N, K. Kisha andika masharti kwa alama, si kwa maneno. Sharti la pili liandike "US" ndani ya kisanduku kimoja, kwa maana hawa wawili wanatembea pamoja. Sharti la kwanza liandike M, mshale, V. Ukimaliza, usirudi tena kusoma maneno. Sasa unafanya kazi na mchoro tu.

Kisha tafuta aliye na nafasi chache. Usianze na yule anayeweza kukaa popote. Anza na yule aliyebanwa. K ni wa tatu, mweke. Sasa kisanduku cha US kinahitaji nafasi mbili zinazofuatana, na ya tatu imekwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo kinaweza kukaa mahali patatu tu: 1 na 2, ao 4 na 5, ao 5 na 6. Chora mistari mitatu.

Mstari wa kwanza: U, S, K, kisha nafasi tatu. N hawezi kuwa wa mwisho. M naye hawezi, kwa maana lazima V awe nyuma yake. Basi wa mwisho ni V.

Mstari wa pili: U na S wako 4 na 5. Zinabaki 1, 2 na 6. N hawezi kukaa 1 wala 6, basi ni wa pili. M anakuwa wa kwanza, V wa mwisho.

Mstari wa tatu: U na S wako 5 na 6. N ni wa pili ao wa ine. Kwa namna zote mbili M ni wa kwanza.

Ukihesabu, namna 720 zimebaki tano tu. Wa mwisho ni mama wa vitenge ao mama wa sambaza, hakuna mwingine. Wa kwanza ni mama wa unga ao mama wa makala. Wakiuliza, "Kama mama wa ndizi ni wa pili, nani ni wa kwanza?", unatazama mchoro, unajibu makala, sekunde kumi. Wakiuliza, "Kama mama wa unga ni wa kwanza, nani ni wa mwisho?", vitenge, sekunde kumi tena.

Hapo ndipo tuliona siri. Mtoto anayekwenda mbio hasomi mbio. Anatumia dakika mbili ao tatu kuchora kwa utulivu, kisha anaokota majibu.

Kuchora kuna nguvu kiasi gani? Katika Marekani, mtihani wa kuingia masomo ya sheria, LSAT, ulikuwa na sehemu nzima ya mafumbo kama haya: mafumbo manne kwa dakika 35. Mtu mmoja asiyeona alishtaki, kwa maana asiyeweza kuchora hawezi kushindana kwa haki na anayechora. Makubaliano yalifanywa katika mwaka wa 2019, na tangu Agosti 2024 sehemu hiyo imeondolewa. Lakini mafumbo ya zamani yangali yanapatikana katika vitabu, na ni mazoezi mazuri kwa mtoto anayejua Kiingereza kidogo. Dakika 35 kwa mafumbo manne ni chini ya dakika tisa kwa kila fumbo. Mtoto wetu aweke kipimo hicho.

Neno "kama" linadanganya

Namna ya pili ya mafumbo ni ile ya "kama hivi, basi vile". Hapa hata wakubwa wanaanguka. Sikilizeni:

"Kama mvua inanyesha, mama wa ndizi haendi sokoni."

Leo mama wa ndizi yuko sokoni. Tunajua nini? Tunajua kwamba mvua hainyeshi. Hilo ni hakika.

Leo mama wa ndizi hayuko sokoni. Je, mvua inanyesha? Hapana, hatujui. Pengine mtoto wake ana homa. Pengine kuna matanga. Pengine amechoka tu, na ni haki yake.

Majibu mengi ya uongo katika testi yametengenezwa na kosa hilo la kugeuza maneno nyuma mbele. Mtoto afanye zoezi la kugeuza vizuri: "Kama A, basi B" inageuka kuwa "Kama B hakuna, basi A hakuna." Hakuna kugeuza kwingine.

Mfano mwingine kutoka kwa AVEC yetu: "Mwanachama anapata mkopo tu kama ameweka akiba." Aliyepata mkopo, ameweka akiba, hakika. Lakini aliyeweka akiba, si lazima apate mkopo. Tunalijua hilo, kwa maana tumeona wamama wakikasirika juu yake!

Tena kuna shida ya luga. Nyumbani tunasema Kiswahili, testi iko katika Kifaransa. Binti yetu alikuwa anajua Kifaransa vizuri, lakini maneno madogo ndiyo yalimla dakika. Tuliyaandika kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani, karibu na kitanda:

"Au moins deux": wawili ao zaidi.
"Au plus deux": wawili, ao mmoja, ao hata hakuna.
"Immédiatement après": mara tu nyuma, hakuna mtu katikati.
"Seulement si": tu kama.
"Sauf": isipokuwa. Hapa tahadhari! Wanatafuta jibu lile moja ambalo haliingii.
"Peut" na "doit": anaweza, na lazima. Swali la "doit" linataka jambo lililo kweli katika michoro yote. Swali la "peut" linatosheka na mchoro mmoja.

Mtoto akiona neno mojawapo, alizungushie biki mbele ya kuendelea. Inachukua nusu ya sekunde.

Kugawa dakika kama kugawa chakula

Hatuwezi kuwapakulia watoto wa kwanza sufuria nzima halafu wa mwisho wakalala njaa. Dakika ni vilevile.

Tuseme testi ina maswali 40 kwa saa moja. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila swali. Fumbo lenye maswali matano lina haki ya dakika saba na nusu: mbili ao tatu za kuchora, zinazobaki za kujibu. Mtoto aandike juu ya karatasi yake ya kubahatisha: dakika ya 15, swali la 10, dakika ya 30, swali la 20, dakika ya 45, swali la 30. Akitazama saa mara tatu hizo inatosha. Anayetazama saa kila wakati anaongeza hofu tu.

Fumbo likikataa, aliwekee alama na kuliacha. Hili ni gumu kwa watoto wenye bidii, kwa maana wanaona ni aibu kuacha. Binti yetu alikaa dakika 14 juu ya fumbo moja siku ya testi, na nyuma yake kulikuwa mafumbo mawili mepesi ambayo hakuyaona hata kwa macho. Tulimwambia: sokoni, muuzaji akikataa bei hukai pale mpaka usiku. Unakwenda kwa mwingine, kisha unarudi.

Mwishoni, dakika tatu za mwisho, ajaze kila nafasi iliyobaki. Lakini kwanza aulize, mbele ya siku yenyewe, kama jibu la uongo linaondoa pointi. Kama haliondoi, kuacha nafasi nyeupe ni kutupa. Mahali penye majibu matano, kubahatisha ni nafasi moja juu ya tano. Akiisha kuondoa matatu yasiyowezekana, ni moja juu ya mbili.

Mazoezi ya majuma ine

Juma la kwanza: fumbo moja kila siku, bila saa. Aandike tu dakika alizotumia. Lengo ni kufanya sawasawa, hata kama ni dakika 25.

Juma la pili: arudilie mafumbo yaleyale ya juma la kwanza. Watoto wengi wanaona hii ni kupoteza wakati, lakini hapa ndipo mkono unazoea kuchora bila kuuliza kichwa.

Juma la tatu: sasa saa iingie. Siku ya kwanza dakika 12 kwa fumbo, kisha 10, kisha 8. Asiruke kutoka 25 mpaka 8 kwa siku moja.

Juma la ine: testi nzima mara mbili ao tatu, saa ileile ambayo testi itafanyika, amekaa kwenye kiti na meza, simu iko mbali.

Na majuma yote ine, awe na kaye ya makosa. Kila kosa aandike sababu yake kwa mstari mmoja: "Nilisoma vibaya neno sauf." "Niligeuza kama." "Sikuchora." Kisha juma mbili atajua ugonjwa wake ni gani. Wa binti yetu ulikuwa kutochora. Hakuna aliyemwonyesha hata siku moja.

Wasiojua kusoma kati yetu nao wanasaidia. Mama yake alikuwa anachukua vifuniko sita vya chupa, anavipanga mezani kufuata masharti ambayo mtoto anayasoma kwa sauti. Mara mbili mama alimaliza mbele ya mtoto! Tulicheka mpaka majirani wakauliza.

Sehemu yetu sisi

Sasa wamama, tuseme ukweli. Tulipomwuliza binti alikuwa anajizoeza saa ngapi mwaka jana, alijibu, "Kisha vyombo." Kisha kuteka maji, kisha kupika bugali, kisha kuosha wadogo, kisha vyombo. Hapo umeme ulikuwa umekwisha kwenda. Kaka yake, aliye darasa la chini yake, alikuwa na mangaribi yake yote.

Hatusemi binti asifanye kazi. Tunasema saa moja kila siku, wakati wa mwanga, iwe yake na isiguswe. Kaka naye ana mikono miwili, na vyombo havichagui. Mama wa binti huyu aligawa kazi upya kwa wote. Baba alinung'unika siku mbili, kisha akazoea. Mwishoni yeye mwenyewe ndiye aliyeshika saa.

Tunaomba pia mambo haya:

Siku mbele ya testi, hakuna fumbo jipya. Alale mapema. Asubui ale kitu anachokizoea. Siku hiyo si ya kujaribu chakula kipya.

Apate saa ndogo ya mkono, ya bei nafuu, kama inaruhusiwa, kwa maana simu haziingii katika chumba.

Ajue njia mapema. Kama ni mbali, alale kwa ndugu wa karibu na mahali hapo, asianze kutafuta motari asubui ya testi.

Na mtu akija kwenu kusema anauza majibu ya testi, mfungieni mlango. Feza itakwenda, majibu yatakuwa ya uongo, na mtoto akikamatwa nayo atafukuzwa. Wamama wawili tunaowajua walilia juu ya hilo.

La mwisho ni ulimi wetu. Mtoto akishindwa, tusikimbilie kusema hana akili. Tuulize kwanza: ulifika wapi? Nini kilikuchukua dakika? Swali hilo lingalimwokoa binti wetu mwaka mzima, na lingalimwokoa mama yake majuma mawili ya kukaa peke yake na aibu ambayo haikuwa yake. Tulimwomba samahani mbele ya kikundi, na leo tunaiandika hapa ili wote waisome.

Testi yake ya pili inakaribia. Mafumbo ambayo yalimchukua dakika 20, sasa anayamaliza kwa nane ao tisa. Hatujui kama jina lake litakuwa katika orodha. Wanaotafuta nafasi ni wengi. Lakini tunajua kwamba safari hii hataacha nusu ya karatasi nyeupe, na siku ya kupandisha mlima kwenda kusoma orodha, hatakwenda yeye na mama yake tu. Kikundi kitakwenda.

Kazi ya juma hili: chukueni zamu za likelemba yenu ya kweli, na masharti yake yote, muwape watoto wenu wakubwa wazipange kwa mchoro. Likelemba yenye fumbo gumu zaidi, tutalichapa hapa bila majina. Mpeni mama prezidanti wa kikundi chenu mbele ya siku ya tano.

Juma lijalo tutaongea juu ya kuweka akiba ya masomo wakati bei ya unga inapanda.